Makopo ya Mama Mboji

Wifi yangu ana tabia ya kuchomoa mti kwenye mbolea na kuuweka shavuni. Nimeishi naye ua mmoja miaka kumi na tisa na sijaizoea. Asubuhi, kabla hajanawa uso, kabla hajanisalimu mimi mke wa kaka yake, anakwenda nyuma ya jiko lilipo biwi lake, anachomoa ule mti mrefu aliouchomeka katikati, anaugeuza ncha juu, halafu anaulaza shavuni na kufumba macho. Ukiwa wa moto, anatabasamu peke yake. Ukiwa wa baridi, siku hiyo hakuna atakayekula kwa raha pale nyumbani.

"Wifi, umejipaka mavi usoni," nilikuwa namwambia.

"Nampima mwanangu homa. Kwani wewe wako huwapimi?"

Basi hapo namsonya na kuingia zangu ndani. Watu wote wanamwita Mama Mboji, kwa sababu ya hilo biwi: mabua, majani mabichi, maganda ya jikoni, samadi, majivu kidogo, udongo kiganja, maji, halafu tena kutoka mwanzo, tabaka juu ya tabaka, mpaka yanaoza na kuwa mboji nyeusi, laini, isiyo na harufu yoyote mbaya. Mtoto wa kuzaa hakujaaliwa. Ndoa yake ilivunjika kwa hilo hilo, akarudi kwao na sanduku moja na jembe.

Kaka yake, yaani mume wangu, akampa kipande cha kando ya barabara, pale ambapo wafyatua matofali walikwangua udongo wote mzuri wakaacha kitu chekundu, kigumu, hata magugu yalikuwa hayapataki. Ushauri wa kumpa kipande kile ulitoka kwangu. Sikuwahi kuusema, nausema leo.

Msimu wa kwanza alivuna maharage yasiyojaza kofia. Sisi tulikuwa tunachoma mabua baada ya mavuno, yeye akawa anazunguka na kamba akiyaomba. Alikuwa anafagia majani ya watu. Alikuwa anaokota maganda sokoni jioni, na mimi nikijifanya simjui. Akachimba vishimo mstari mstari, akatia mboji kila kishimo, akafunika udongo kwa nyasi kavu usiungue na jua. Tulimcheka tukavunjika mbavu. Msimu wa nne maharage yalinifika gotini, na mashamba yetu, yaliyozoea mbolea ya dukani, yalikuwa yamesinyaa. Nilisimama pale mpakani nikatazama. Nilimwonea wivu, jamani, wivu wa wazi.

Ndipo kikundi cha mboji kikaanza. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, na mimi nikawa katibu, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na mdomo usiokaa kimya. Kila msimu kabla ya kupanda tulikuwa na siku yetu ya makarai. Kila mtu anakuja na karai lake, Mama Mboji anamjazia kwa mkono wake na kulisawazisha kwa kigasha cha mkono, na hakuna wa kujichotea. Ukimgusia biwi anakupiga kofi la mkono hata uwe mwenyekiti.

Mwaka ninaousimulia ng'ombe wake alikufa. Alikuwa naye mmoja tu, na bila ng'ombe samadi ilikuwa haba. Mwaka huo huo bibi shamba, yule ofisa kijana wa kilimo mwenye pikipiki, alikuja akatuambia kwamba mashamba yetu yatafanywa shamba darasa. Wakulima wa vijiji vingine wataletwa maharage yakichanua, wamsikilize Mama Mboji akieleza. Wifi yangu aliinamisha kichwa akawa anakwangua tope kwenye kucha. Namjua. Alikuwa analia.

Halafu akatangaza: "Mboji ya mwaka huu ni karai mbili mbili."

"Mbili?" akang'aka fundi cherehani. Huyu ni jirani yetu wa upande wa pili, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. "Wageni waje kutazama mbili?"

Na mimi, kiherehere changu, nikasema, "Mtapata tano tano. Niachieni mimi."

Walinipigia makofi. Wifi hakupiga. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza kama hizo tano nitazizaa.

"Kule kwenye shamba kubwa la ng'ombe, ng'ambo ya barabara, samadi imejaa hadi wanaikimbia wenyewe," nikamwambia. "Tukachukue."

"Sitii kwenye biwi langu mavi ya ng'ombe nisiyejua kala nini."

"Ala! Ng'ombe anakula nini? Anakula majani. Au umesikia huko wanapewa wali?"

"Wifi, nimesema."

Wiki hiyo hiyo mama mdogo wa wifi na mume wangu akalazwa hospitali ya mbali na Mama Mboji akaenda kumuuguza. Aliniachia biwi. Siku ya kuondoka alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko kama mtu anayemkabidhi mwenzie mtoto. "Lipindue baada ya siku ishirini. Limwagilie likikauka. Usiongeze kitu."

"Nimesikia."

"Usiongeze kitu," akarudia.

Siku ya tano mbele ya lile biwi dogo, na zile tano tano nilizoahidi, uvumilivu ukaniisha. Nilikodi mkokoteni nikavuka barabara. Mchungaji wa ng'ombe niliyemkuta getini alifurahi kama nimemtua mzigo. "Beba, mama, beba yote," akasema, akanisaidia hata kupakia. Nilisomba mikokoteni mitatu. Nikalifumua biwi, nikachanganya, nikamwagilia, nikalijenga upya kwa tabaka zake zote kama nilivyomwona akifanya. Niliumia mgongo siku mbili. Na lile biwi likapata moto! Nilichomoa mti nikauweka shavuni, mimi mwenyewe, mavi na yote, nikacheka peke yangu.

Aliporudi alikwenda nyuma ya jiko kabla ya kutua mzigo. Alichomoa mti. Akafumba macho. Akauacha shavuni muda mrefu, kisha akazunguka biwi zima akilitazama urefu wake.

"Limekuwa kubwa," akasema.

"Nilikusanya majani," nikasema. Ndivyo nilivyosema. Majani.

"Wifi, umejifunza kazi. Mimi mwenyewe nisingelifikisha hapa."

Miaka kumi na tisa! Katika miaka kumi na tisa yule mwanamke hakuwahi kunisifu hata chumvi ya mboga. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie habari ya samadi, na neno likarudi lilikotoka. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa anawasimulia watu kisimani jinsi wifi yake alivyo na mkono wa mboji, na mimi nimesimama hapo hapo na ndoo yangu.

Siku ya makarai kila mtu alipata tano. Tulipanda mahindi na maharage mstari kwa mstari. Mvua haikutusumbua. Mahindi yakaota vizuri, maharage nayo yakaota, tukashukuru. Baada ya majuma mawili fundi cherehani akaja nyumbani na mche mkononi, hakupiga hodi.

"Hebu niambieni hiki ni kitu gani."

Jani la tatu lilikuwa limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Shina limepinda, ncha imekuwa nyembamba, kijani chake si kijani. Tukaenda shambani kwake, yote yalikuwa hivyo. Tukaenda kwa mwenyekiti, hivyo hivyo. Kwetu, hivyo hivyo. Mahindi katikati yamesimama yananawiri kana kwamba hakuna msiba.

Maneno ya watu mnayajua. Wengine wakasema ni mkono mbaya. Wengine wakasema mwanamke asiye na mtoto hapaswi kugawa mbegu wala mbolea. Hilo lilisemwa kwa sauti, sokoni, naye akipita. Bibi shamba alikuja na pikipiki yake, akapiga picha, akasema huenda ni ugonjwa wa virusi, tung'oe tuchome.

"Ugonjwa gani unaochagua?" Mama Mboji akamuuliza. "Pale pembeni nilipanda mistari miwili bila mboji, mgawo wangu ulikuwa umeniishia. Njoo uone. Ile ni mizima."

Akamwonyesha. Bibi shamba akakuna kichwa. Mimi nilitazama ile mistari miwili, maharage yamenyooka, majani mapana, nikakumbuka mikokoteni yangu mitatu.

Kuanzia hapo ndipo makopo yalipoanza. Aliokota makopo ya maziwa ya unga na ya rangi, akayatoboa chini, akayapanga kwenye dirisha la chumba chake. Kopo la kwanza lilikuwa na udongo wa shamba peke yake. La pili, udongo na mboji ya mwaka jana iliyobaki kwenye gunia. La tatu, udongo na mboji ya mwaka huu. Akatia maharage matatu matatu. Kila asubuhi sasa haendi kwenye biwi. Anakaa kitandani anatazama dirisha.

"Sasa hayo yatakuambia nini?" nilimuuliza, nimesimama mlangoni.

"Kama ni mimi, yataniambia."

Siku ya kumi na tano kopo la kwanza na la pili yalikuwa mazuri tu. La tatu lilikuwa limejikunja. Nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, akihesabu kwa vidole vitu alivyoweka: mabua ya nani, majani ya wapi, majivu ya jiko gani, maganda ya sokoni kutoka kwa muuzaji yupi. "Ni yale maganda," alisema. "Au ni majivu, labda mtu alichoma plastiki. Au biwi nililitoa mapema mno. Wifi, labda sikuwahi kujua kitu. Labda miaka yote hii ilikuwa bahati."

Niliondoka mbio, nikavuka barabara mpaka kwenye geti la ng'ombe. Mchungaji alikuwepo. Nikamuuliza, malisho yenu mnapuliza dawa?

"Tunapuliza, mama. Ya kuua magugu. Inaua yale yenye majani mapana, nyasi haiguswi."

"Na ng'ombe wakila hiyo nyasi?"

"Hawadhuriki. Inapita tu, inatoka na mavi."

Inapita tu. Maharage ni majani mapana. Mahindi ni ndugu wa nyasi. Yule mtu hakusoma popote na alinieleza yote kwa pumzi moja, na wifi yangu aliniambia kabla yake, na nikamjibu kuhusu wali. Nikakaa kwenye jiwe la getini mpaka akaniuliza kama naumwa.

Sasa nilijua. Ilikuwa Jumanne. Mkutano wa kikundi ulikuwa Alhamisi. Nilikuwa na siku mbili za kumwambia mtu mmoja maneno matano, na tunalala nyumba zinazotazamana. Jumanne nilisema amechoka. Jumatano nilisema kuna wageni. Sina la kujitetea hapo.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegota mbao. Bibi shamba alikuwepo. Mama Mboji aliingia na makopo matatu kwenye beseni, akayapanga mezani kwa mwalimu. Alikuwa amevaa nguo yake ya kwendea misiba.

"Kosa ni la mboji yangu," akasema. "Tazameni wenyewe. Sijui nilitia nini. Nimetafuta sijapata. Mmekosa chakula cha msimu kwa ajili yangu, na sina cha kuwarudishia."

Fundi cherehani akasema, "Si tulisema sisi. Kila siku tunaambiwa sumu iko dukani, kumbe sumu tunagawiwa kwa karai."

Mwingine akasema ana watoto wanne, wamtazame yeye machoni. Mwenyekiti akauliza, bila kumtazama mtu, kama tuendelee na mambo ya mboji au tuache. Mikono ikanyooka ya kuacha, mmoja mmoja. Bibi shamba, kwa sauti ya chini, akasema basi shamba darasa litapelekwa kijiji kingine, si kwa ubaya, ila wageni hawawezi kuletwa kuona haya. Akaongeza kwamba biwi lililobaki lifukiwe.

"Katibu, umeandika?" mwenyekiti akaniuliza.

Nilikuwa nimeandika. Mwandiko mzuri kabisa. *Mama Mboji amekiri kwamba hasara ya msimu imetokana na mbolea yake.* Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mdomo wangu ule usiokaa kimya ulikuwa umejaa mate, na nilikaa kimya. Daftari likazungushwa, wote wakatia sahihi. Wifi yangu alitia sahihi ya mwisho, kwa kuikandamiza kalamu, kisha akakusanya makopo yake.

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta nyuma ya jiko na koleo. Alikuwa anachimba shimo la kulifukia biwi. Hakutaka kumpa mtu mwingine kazi hiyo.

"Wifi, acha," nikasema. "Ni mimi. Nilileta samadi ya ng'ambo. Mikokoteni mitatu. Wale ng'ombe wanakula nyasi iliyopulizwa dawa ya magugu, nimemuuliza mchungaji, dawa inapita inatoka na mavi. Ni mimi."

Alisimama na koleo. Nilitegemea anipige nalo, na haki ya Mungu nilitaka anipige.

"Mikokoteni mitatu," akasema.

"Mitatu."

"Kwa hiyo si majivu."

"Si majivu. Si maganda. Hukukosea kitu."

Akakaa kwenye ukingo wa shimo, akafunika uso kwa mikono yenye udongo, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyerudishiwa kitu na kunyang'anywa hapo hapo. Mume wangu alitoka mlangoni, akatutazama, akarudi ndani. Alipomaliza kulia alijifuta na kusimama.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Na jana ulikuwepo pale."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unaandika." Akaliokota koleo. "Nenda ukawaambie. Nyumba kwa nyumba. Mimi siendi na wewe."

Nikaenda. Nilianza kwa mwenyekiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega. "Mwanamke mwema wewe. Wangapi wangembebea wifi yao mzigo kama huu? Lakini usijichafue bure."

Nilimwapia. Akatikisa kichwa akanipa maji ya kunywa. Nyumba ya pili wakaniambia nina moyo. Nyumba ya tano mama mwenye nyumba alitokwa na machozi, akasema laiti angepata wifi kama mimi. Nilipiga kelele, nikawaambia waende getini wakamuulize mchungaji. Wawili walikwenda. Mchungaji alikuwa ameachishwa kazi Jumatano, na aliyekuwepo alisema hajui habari ya dawa wala ya samadi.

Nyumba ya mwisho ni ya fundi cherehani. Hakuacha kushona. Alinisikiliza huku gurudumu linazunguka, kisha akalizuia kwa kiganja.

"Kama ni kweli, mbona uliandika vile?"

"Niliogopa."

"Wewe? Uogope?" Akacheka. "Wewe ulimjibu mwenyekiti mbele ya mkuu wa shule. Tumeishi na wewe, tunakujua. Ungekuwa na neno ungelisema pale pale." Akakanyaga cherehani. "Na sahihi yake iko chini ya maandishi yako. Nenda nyumbani, mama. Umefanya vizuri kumtetea."

Bibi shamba peke yake ndiye aliyeniamini. Alikuja baada ya mwezi, akasema amewauliza wakubwa wake, jambo lenyewe lipo, na mboji ile inaweza kutumika kwenye mahindi tu, kwenye maharage mpaka dawa iishe, na hakuna ajuaye itaisha lini. Njia ya kujua ni kupanda maharage kwenye kopo na kungoja. "Kama alivyofanya yeye," akasema. Aliahidi kulirudisha shamba darasa watu wakikubali. Watu hawajakubali. Nane wamerudi kwenye kuchoma mabua. Moshi wake unaingia mpaka jikoni kwangu.

Mama Mboji hajalifukia biwi. Ameanza jingine dogo pembeni, la majani na maganda tu, na asubuhi anachomoa mti wake na kuuweka shavuni kama zamani. Ananisalimu. Tunapika pamoja. Ila haniiti wifi tena, ananiita Katibu. "Katibu, chumvi iko wapi." "Katibu, kaka yangu anakuita." Anasema kwa upole kabisa. Bora angenitukana.

Siku ile niliporudi kutoka kwa fundi cherehani nilimweleza Mama Mboji yote, jinsi walivyonisifu nyumba kwa nyumba. Hakusema pole wala hakusema ulijitakia. Aliingia chumbani akatoka na lile kopo la tatu, ameng'oa miche iliyopinda na kutia mbegu mpya.

"Hili likae dirishani kwako," akasema. "Dawa huisha, mkono mbaya hauishi. Siku miche itakaponyooka utalipeleka kwa kikundi. Wasipokuamini wewe wataliamini kopo."

Nalimwagilia kila asubuhi kabla sijanawa uso. Hii ni mara ya tatu napanda. Leo jani la tatu limechomoza, nimelisogeza kwenye mwanga nikalitazama vizuri. Limejikunja. Nimeing'oa miche, nimetia maharage mengine.